Walimu wapya wa Kiswahili, msianze na jedwali la ngeli

Wiki hii nimekaa nyuma ya darasa moja la sekondari nikimtazama mwalimu wa mazoezi akijaza ubao ngeli, yaani makundi ya nomino, kuanzia A-WA hadi PA-KU-MU, vipindi viwili mfululizo. Wanafunzi walinakili kimya. Kengele ilipolia, mmoja akamwambia mwenzake, "Nipe kitabu yangu." Wadogo zangu, nawapenda, lakini haya tulishayafanya sisi na hayakuzaa kitu.

1. Anzeni na sentensi, jedwali lifuate. Najua matumizi ya lugha yana alama 40 kati ya 80 za karatasi ya pili ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, ila upatanisho wa maneno katika sentensi hauji kwa kukariri.

2. Kabla ya kukata neno la mwanafunzi, lisemeni kwanza wenyewe. Mwaka wangu wa kwanza, katika shule moja ya Pwani, mvulana aliandika kwenye insha, "Rafiki zangu walinisubiri." Nikakata kwa wino mwekundu: rafiki ni A-WA, basi "rafiki wangu". Akainua mkono. "Lakini mwalimu, nyanya yangu husema rafiki zangu." Nikamjibu mbele ya wenzake kwamba nyanya yake hakusomea sarufi. Darasa likacheka. Akaketi.

Nyanya alikuwa sahihi. Nomino nyingi za ujamaa na urafiki huchukua vimilikishi vya I-ZI: baba yangu, ndugu zangu, rafiki zangu. Kitenzi ndicho hubaki A-WA: rafiki zangu wamefika. Mimi mwenyewe nilisema "mama yangu" kila siku na sikujiuliza. Nilishtuka nilipokusanya insha zilizofuata: nusu ya darasa walikuwa wameandika "mama wangu". Yule mvulana aliandika hivyo kila mahali, kwa mwandiko safi kabisa, kwa kuwa aliniamini mimi kuliko nyanya yake. Nilikaa wiki nzima kabla ya kusimama mbele yao na kusema nimekosea. Kisha nikamwita peke yake, nikamwomba ampelekee nyanya salamu zangu na radhi.

3. Uakifishaji ufundishwe kwa sauti. Someni nao "Mwalimu mkuu amefika" na "Mwalimu, mkuu amefika", koma wataisikia. Juzi msichana aliniuliza kwa nini neno ng'ombe lina ritifaa, ile alama ('), na ngoma halina. Nikamwambia ayatamke yote mawili, polepole. Akatamka, akarudia, kisha akafungua daftari lake na kuitia ritifaa "ngambo" aliyoiandika jana.