Kabla hujafunga pazia

Wadogo zangu wa ajira mpya, shikamooni zenu nimezipokea, sasa tuongee. Juzi nikiwa zamu nilipita dirisha la Kidato cha Pili B. Mapazia yamefungwa, khanga imepigiliwa misumari pale kioo kilipovunjika, projekta inavuma, na mwalimu wetu mpya yuko nyuma ya darasa anahutubia visogo. Nikajiona mwenyewe miaka kumi iliyopita. Nilikwenda stafu nikanywa chai kwanza, hasira ishuke, ndipo nikaandika haya.

1. Andalio la somo liwe na njia mbili, ya umeme na ya chaki. Umeme wa LUKU huishia katikati ya kipindi pacha. Basi.

2. Meza ya projekta. Hapa tulieni, maana hapa nilimuumiza mtoto.

Shule ilikuwa imepata projekta yake ya kwanza, na mimi, kijana wa Jiografia mwenye laptop, nikawa bwana mkubwa. Mada ni volkano. Nilikuwa na video ya Ol Doinyo Lengai, ile lava nyeusi inayotiririka kama oili chafu. Waya ulikuwa mfupi, kwa hiyo meza ikabidi ikae mstari wa mbele karibu na soketi. Dawati lililokuwepo nikalihamishia nyuma pamoja na binti aliyelikalia. Hakubisha. Alibeba begi, akageuka kunitazama mara moja, akaenda.

Wiki sita nikafundisha gizani. Picha safi, darasa linashangilia, mkuu wa shule analeta wageni. Yule binti akaporomoka: jaribio la Machi 61, la Mei 22. Daftari lake lilikuwa na michoro mizuri kuliko yangu, lakini mishale yote ilielekea patupu, haina majina. Siku moja nikamsimamisha, nikamuuliza swali huku nimempa mgongo, nachomeka waya. Kimya. Nikarudia, mgongo vilevile. Wenzake wakacheka. Kwenye ripoti nikaandika: "Ana uwezo ila hajitumi. Ana kiburi." Kiburi nikakipigia mstari.

Bibi yake akaja, ripoti kaifunga kwenye upindo wa khanga. Tukasalimiana, akauliza, "Mwalimu, siku hizi mnafundisha taa zimezimwa?" Nikaanza kumweleza habari za teknolojia kwa maneno ya semina. Akaniacha nimalize. "Mjukuu wangu aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa darasa la tatu. Anasikia kwa macho, mwanangu. Anatazama midomo."

Stafu nzima hatukujua. Shule ya msingi alisoma midomo ya Kiswahili. Kidato cha Kwanza akaanza upya na midomo ya Kiingereza, peke yake, akikaa mbele bila kumwambia mtu, mpaka mimi nikamzimia taa. Na fomu yake ya kujiunga ilikuwa imejazwa vizuri sehemu ya afya. Ilikuwa kwenye faili kwa mtaaluma, hatua ishirini kutoka mezani kwangu.

Nilimwomba radhi nikiwa nimesimama penye mwanga, naongea polepole. Akajibu, "Haina shida, mwalimu." Bora angenitukana.

3. Vishikwambi tulivyogawiwa vilipotoka kwenye Sensa ya 2022 si vya kuangalia mpira. Pakueni vitabu vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TIE) siku mtandao ukiwa mzuri, kisha mpe kimoja mwanafunzi mwenye ualbino akuze maandishi mkononi mwake, badala ya kumsogeza ubaoni pua ikaguse chaki.

4. Kabla ya kuwasha video, uliza nani anakijua hicho kitu. Ile ya Lengai niliionyesha miaka kadhaa nikisema ule weupe mlimani ni majivu, mpaka kijana mmoja wa kutoka Engaresero, kijiji cha karibu na mlima huo, akanyoosha mkono: "Mwalimu, pale ni lava ileile, ikipata unyevu inageuka nyeupe." Yuko sahihi. Halafu akasimulia baba yake alivyohamisha ng'ombe majivu ya 2007 yalipofunika malisho. Alisimulia kwa Kiswahili, na kibao cha kuwaamrisha kuongea Kiingereza kinaning'inia juu ya mlango. Mimi nikawa nafuta ubao uliokwisha kufutwa. Kipindi kile ndicho wanachokikumbuka hadi leo, na mimi nilifundisha dakika tano tu.

5. Kazi ya nyumbani kwa WhatsApp, usithubutu. Simu ni ya baba, na baba yuko kijiweni na bodaboda yake.

Ufunguo wa kabati la projekta upo kwangu. Wewe wa Kidato cha Pili B, njoo pia uchukue waya wa kuongezea, wa mita kumi. Niliununua kwa hela yangu, wiki ileile aliyokuja bibi.