Je, watu 18,000 wanaweza kuwa na chuo chao?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimesikia redioni habari za Palau, visiwa huko Pasifiki vyenye watu wachache mno, nao wana chuo chao cha umma. Ni kweli? Wanafundishwa nini? Nauliza kwa sababu binti yangu amemaliza kidato cha nne, kapata D tano. Baba yake anataka tuuze mashine ya boti tumpeleke Dar es Salaam akasome chochote. Moyo wangu hautaki.
Mama wa Sahare, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kweli. Wapalau wote ni kama 18,000 tu, na chuo chao kipo Koror. Kilianza mwaka 1969 kama kituo cha ufundi kwa vijana wa visiwa vya Micronesia, na mwaka 1993 kikawa chuo cha jamii cha Palau. Wanafunzi wake hupata misaada ya masomo kutoka serikali ya Marekani. Hilo sisi hatuna, nalitaja usije ukadhani wamejijengea kila kitu wenyewe.

Lakini tazama wanachofundisha. Umakanika, utalii, uuguzi, ualimu, kilimo. Chuo kina kituo cha kutotolesha viumbe vya baharini, na humo wanashughulika na kaa wa mikoko na tasi! Hao hao tunaowaona sokoni kwetu. Wanafanya pia utafiti wa magimbi, maana ndicho chakula cha bibi zao. Kijana husoma miaka miwili, akitaka kuendelea anahamia chuo kikuu Guam au Hawaii, na masomo aliyofaulu yanaweza kuhesabiwa huko. Hajafungiwa kisiwani, wala hakulazimika kuondoka kwao akiwa hajui kitu. Natamani sana watoto wa Sahare wapate njia kama hiyo.

Sasa binti yako. Mashine msiuze. Ndiyo inayowalisha, na ndiyo itakayolipa ada. "Akasome chochote" ndilo neno linalonitia hofu, maana nimeona wanafunzi wangu wakirudi na vyeti vya kozi ambazo hata wao hawakujua kwa nini walizisoma.

D tano zisizo za dini zinamtosha kuomba astashahada. Bagamoyo kuna Mbegani, chuo cha serikali cha uvuvi: wanafundisha uvuvi wenyewe na kuchakata samaki. Mtoto aliyekulia kwenye boti ataanza akiwa na kitu mkononi. Akipenda ufundi, kwa mfano ushonaji au umeme, waulizeni vyuo vya maendeleo ya wananchi. Vilianzishwa tangu 1975 kwa mfano wa Sweden, na mkoani kwetu viko Kiwanda wilayani Muheza, na kingine Handeni.

Kabla ya yote, mwite binti mbele ya baba yake mumuulize anataka nini. Katika barua yako sikuiona kauli yake. Kisha ulizeni chuoni ada ya mwaka mzima pamoja na bweni, kama inalipwa kwa awamu, na mafunzo ya vitendo yanafanyika wapi.