Hiyo "hahaha" ilikuwa ya nini?

Juzi dogo mmoja hapa ofisini, wiki yake ya pili, kaniandikia: "Mkuu, nirushie kopi ya kanzidata ya prodakshen nitesti kwenye laptopu yangu." Yaani data zote za wateja wa kweli. Akaweka na kialama cha moto. Sikumjibu mpaka chai yangu ilipoisha. Kila kundi jipya la waandika programu likija narudia maneno yaleyale, na sauti inaanza kunikauka, kwa hiyo leo naandika. Nimeweka namba kwa sababu nawajua, mnasoma kwa kurukaruka.

1. Namba ya simu ihifadhiwe kama maandishi. Ukiiweka kama tarakimu, sifuri ya mbele inapotea na mteja anapotea nayo. Uthibitisho wa malipo ya simu unaweza kuja mara mbili. Angalia namba ya muamala kabla hujamwongezea mtu salio.

2. Seva inasoma UTC, saa ya kimataifa, sisi tuko saa tatu mbele, na bosi akisema "saa mbili" anasoma saa ya bibi yake. Muulize, asubuhi au usiku? Kisha mwandikie 08:00 uone kama atakubali.

3. Usiombe data za wateja kwa ajili ya majaribio. Hapa nikae kidogo.

Mwaka 2019 nilikuwa kwenye kampuni ya mikopo midogo, sitaitaja. Nikapewa skripti ya kukumbusha marejesho kwa meseji. Data za kubuni niliziona za kitoto, nikashusha wateja wote kwenye laptopu, nikajiambia namba nitazibadilisha nikitoka kula. Kula nilikula. Saa nne usiku niko chumbani Sinza, feni inazunguka, najaribu kama jina na deni vinakaa mahali pake. Maneno niliyatunga mwenyewe kwa utani: "NDUGU fulani, UNADAIWA 999,999. LIPA AU TUNAKUJA hahaha." Nikabonyeza. Kwenye skrini ikaanza kushuka: imetumwa, imetumwa, imetumwa. Nikafurahi kwa sekunde kama tano. Halafu nikaona salio la meseji linapungua, na lilikuwa salio la kampuni. Faili la mipangilio nililinakili pamoja na data, ufunguo wa kutuma meseji ukaja nalo, ule wa kweli. Nikachomoa waya wa umeme ukutani. Laptopu ina betri, jamani. Mpaka nakumbuka kuizima, watu zaidi ya elfu moja walikuwa wameshachekwa.

Asubuhi foleni ya tawini imefika barabarani. Mama mmoja muuza vitenge, aliyemaliza mkopo wake miezi miwili nyuma, alikuja na risiti zote kwenye bahasha ya kaki. Meseji aliisoma mumewe, ambaye hata hakujua kama kulikuwa na mkopo. Huyo mama hakupiga kelele. Meneja alininyooshea kidole, mama akanitazama vizuri, akasema, "Mwanangu, hiyo hahaha ilikuwa ya nini?" Mpaka leo sina jibu. Siku tatu nzima niliwapigia mmoja mmoja: shikamoo, naomba radhi. Mzee mmoja aliitika marahaba, akanyamaza, kisha akauliza kama huyu anayemwamkia ndiye yule aliyecheka.

Wakati ule hapakuwa na sheria mahsusi ya kunibana. Sasa ipo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na miamala ya fedha ya mtu imo kwenye taarifa nyeti. Isomeni, msimwachie mwanasheria wa kampuni. Ingawa nchi yenyewe bado tunaichezea: viongozi wanahubiri Tanzania ya kidijitali, na getini mlinzi anakupa daftari uandike jina na namba ya simu chini ya majina na namba za wote waliokutangulia.

Novemba 2024 Benki Kuu ilipotoa orodha ya majukwaa 69 ya mikopo mtandaoni yasiyo na leseni, watu walishangilia. Mimi nilikuwa nawaza zile programu za kausha damu, zinazochota majina kwenye simu ya mkopaji mpaka shemeji zake wanadaiwa. Nani aliziandika? Si mbunge. Ni mwenzetu, alipewa kazi Jumatatu, akaifunga kabla ya Ijumaa, akasifiwa kwenye kikao.

4. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na za ziada hulipwa mara moja na nusu. Wakikwambia "sisi hapa ni familia", kumbuka familia ndiko mashamba yanakogombaniwa. (Mimi nimelala ofisini mara nyingi bila kudai hata nauli, kwa hiyo shikeni ninachosema, msiige ninachofanya.)

5. Ijumaa jioni usidiploi, yaani usiwarushie wateja toleo jipya la programu.

6. Mbele ya wazee usiseme unaandika kodi, sema programu. Mama mwenye nyumba wangu wa Sinza alidhani niko TRA, akakaa miezi miwili bila kunidai ya kwake. Hili si onyo, sasa naona.

Dogo nilimnyima hiyo kopi, nikamwambia atengeneze wateja hamsini wa kubuni. Alinuna kidogo, lakini jioni akaniletea: nusu wachezaji wa Simba, nusu wa Yanga, madeni yamepangwa vizuri, golikipa anadaiwa kuliko wote. Nikamsifu. Kisha nikamuuliza namba za simu kazitoa wapi. "Nimezibuni tu, mkuu."

Nikachukua simu yangu, nikapiga ya kwanza kwenye orodha. Ikaita. Akapokea mama mmoja, sauti ya usingizi. Nikampa dogo simu amwamkie.