Stima imerudi lakini wufa imekataa kuongea? Anza hapa kabla ubebe kwa fundi

Kisumu wakati wa mvua ndefu, Machi mpaka Mei hivi, stima inaenda na kurudi vile inataka, na ngurumo za upande wa ziwa mnazijua wenyewe. Usiku kama huo ukipita lazima jirani fulani abishe hapa kwangu Kondele na wufa, ile spika ya muziki yenye besi, kwapani, ati imekufa. Mimi si fundi wa kusomea lakini nimefungua hivi vitu vya kutosha kujua nyingi hazijakufa, na zile zimekufa kweli, mara mingi si kupotea kwa stima kuliziua, ni kurudi. Stima ikirudi, friji na pampu za mtaa mzima zinavuta pamoja, volti inashuka, inaruka juu ya ile 240 yetu ya kawaida, inashuka tena kabla itulie, na chenye kilikuwa kimechomekwa ndicho kinaumia.

Swali la kwanza ni moja tu: kuna taa? Hata ile ndogo nyekundu.

Kama hakuna taa kabisa, usianze kufungua. Chomeka chaja ya simu kwa tundu lilelile la ekstensheni, si la pembeni yake, juu ekstensheni zetu hizi tundu moja linaweza kufa na mengine yanafanya. Chaja ikishika, fungua plagi. Plagi yetu ya pini tatu iko na fyuzi ndani na watu wengi hawajui, wanabeba wufa mzima mpaka kwa mafundi soko la Kibuye kumbe shida ni kitu cha bei ya peremende. Wufa ya kawaida inatosha na fyuzi ya ampea 3, lakini dukani utapewa ya 13 kwa sababu ndiyo iko, basi sema 3 na usimame hapo. Na tafadhali usifunge ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi, hapo unawasha nyumba, huwashi redio.

Ampu zingine, yaani ile mashine inakuza sauti ya spika, ziko na fyuzi ingine nyuma, ile ya kioo unazungusha na bisibisi. Toa plagi ukutani kwanza, soma namba imeandikwa kwa chuma chake, weka ya namba hiyohiyo. Mpya ikiungua hapohapo, wacha, usiweke ya pili. Kuna shoti ndani, na inaweza kuwa tu varista, kale kaduara kamewekwa makusudi kafe volti ikizidi ili vingine vipone. Hiyo ni kazi ndogo kwa fundi, usikubali kuambiwa bodi yote imeenda kabla akaguse. Lakini usifungue wewe, kapasita kubwa ya pawa, ile kama kamkebe ka kuweka chaji, inaweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa.

Sasa kama taa iko na sauti hakuna, pole pole. Chomoa ukutani, si kuzima na rimoti, rimoti inaiacha imelala tu. Finya ile batani ya pawa kama nusu dakika huku imechomolewa, iache dakika kumi, kisha urudishe. Ile akili ndogo ndani huwa inakwama volti ikiyumba na hapo inaanza upya. Halafu angalia imerudi kwa modi gani, zingine zikipoteza stima zinarudi AUX, ile ya kuchomeka waya, na volyumu chini kabisa, na wewe unangoja Bluetooth mpaka asubuhi.

Ampu ikiandika PROTECT, yaani imejizima yenyewe isiungue, chomoa, toa waya zote za spika, uwashe bila spika. Ikikubali, ampu ni mzima, rudisha spika moja moja (ukiwa umezima kila mara) na uangalie kama nywele za waya zinagusana kule nyuma. Ikibaki PROTECT bila spika, peleka, na usiendelee kuiwashawasha ukiomba miujiza.

Halafu kuna zile mzee zimekaa miaka bila kuchomolewa. Kapasita zilikuwa zimechoka zamani, zilikuwa zinaishi tu na joto lake, stima ikapotea zikapoa, kuwaka tena zikashindwa. Hapo hata usilaumu stima, fundi akibadilisha hizo kapasita mara mingi inafufuka.

Kuzuia ni rahisi kusema: stima ikienda, chomoa, na ngurumo ikikaribia chomoa pamoja na waya wa antena. Kama hauko nyumbani mchana, nunua gadi ya TV, lakini angalia ni ile inakata volti ikizidi ama ikipungua, na inangoja kidogo kabla iachilie stima ikirudi. Ekstensheni yenye taa nyekundu pekee haifanyi hiyo kazi, hata mwenye duka akiapa.