Msumari Niliousahau Ndani ya 1NZ

Juzi saa nne usiku kijana mmoja wa Kakamega, anayefunga injini ya Toyota iitwayo 1NZ, alinitumia ujumbe: "Kaka, nimefunga cheni ya taimingi ya 1NZ, rangi zote zilikaa kwenye alama. Nimezungusha krenki raundi mbili, sasa rangi zimehama. Nifungue tena?"

Usifungue. Cheni ya taimingi ndiyo inayounganisha krenki, inayozungushwa na pistoni, na kamshafti, inayofungua vali; vile viungo vyake vya rangi ni vya kukusaidia kufunga tu. Idadi ya viungo vya cheni haigawanyiki sawasawa na meno ya gia, kwa hiyo ukianza kuzungusha, rangi zinatangatanga, na mkono utakuuma kabla hazijarudi. Angalia alama za gia zenyewe. Krenki ikienda raundi mbili, kamshafti inaenda moja: alama ya puli iwe kwenye sifuri na za gia za kamshafti zitazame juu. Basi. Mimi mwenyewe nilishawahi kubomoa kazi nzuri mara mbili kwa sababu ya hizo rangi, Jumamosi nzima ikaenda. Lakini hilo halikuniliza. Kilichoniliza ni msumari.

Nilikuwa mwaka wa tatu gerejini, kando ya Barabara ya Kibos hapa Kisumu. Ikaja Probox ya abiria yenye 1NZ, inakula oili kama haina akili. Ringi, beringi, hedi kwenda kusagwa, hayo mnayajua. Mwenye gari alikuwa akipiga simu kila baada ya dakika kumi, maana gari likilala mkopo haulali. Nikamwambia saa kumi jioni ataondoka nalo. Kosa la kwanza hilo.

Tensiona ya 1NZ, ile inayokaza cheni isilegee, inakaa ndani ya kava ya mbele. Ukiifunga, unasukuma kile kipistoni chake kirudi ndani, unakizuia kwa pini, kisha cheni ikikaa unachomoa pini. Pini sikuwa nayo, nikachukua msumari. Boliti ya gia ya kamshafti niliibana kwa nguvu ya 64 Nm, huku nimeishika kamshafti kwa spana pale penye pembe sita, si kuitegemeza kwenye cheni kama wengine wanavyofanya. Hata leo najisifia hapo. Simu ikalia. Nikaongea, nikarudi, nikapaka silikoni, nikafunga kava.

Nilizungusha kwa mkono? Wapi! Nilipiga stata. Injini ikawaka, ikalia kama debe la visoda, ikazima. Vali nne zilipinda.

Jaduong' mwenye gereji hakunifokea. Alifungua kava mwenyewe, akachomoa msumari kwa koleo, akaniwekea kiganjani mbele ya mwenye gari. "Omera, hii ni spea gani?" Watu walicheka mpaka wauza mahindi wakaja kuona. Vali nililipia kwa mshahara wa miezi miwili. Jina la Msumari nimebaki nalo, na nikiitwa hivyo naitika, ila linachoma.

Sasa nyinyi mnaotaka kuitwa mafundi kabla mikono haijashika oili, sikilizeni. Zungusha krenki kwa mkono, kwa spana, raundi mbili, kifuniko cha vali kikiwa wazi. Mimi ningefanya hivyo ningeiona cheni inavyocheza pale juu. Ikikwama usilazimishe, hapo vali inaongea na pistoni. Ile gia ya VVT-i, inayobadilisha wakati wa vali kufunguka, hakikisha imejifunga kwa kipini chake cha ndani kabla ya kuvisha cheni. Mteja anayepiga simu, mwachie mtu mwingine aongee naye. Na zungusha kwa mkono. Nimerudia makusudi, kwa sababu najua kuna mtu ameshashika ufunguo.

Wiki iliyopita nilimaliza 1NZ nyingine, peke yangu tangu boliti ya kwanza. Nikaipandisha Riat kuelekea Kiboswa watu watano ndani, haikukohoa. Aliyeileta ni mmoja wa wale waliocheka siku ile. Sikumkumbusha. Alilipa bei yangu bila kubishana.

Yule kijana nilimjibu usiku uleule kuhusu rangi. Akafurahi: "Asante kaka! Basi napaka silikoni nifunge kava nikalale."

Nikamwandikia haraka: "Pini ya tensiona umetoa?"

Tiki zimegeuka buluu tangu juzi. Jibu hakuna.