Maswali Yenu: Kaseti za Salamu za Miaka ya Tisini

Mhariri, habari za kazi. Marehemu baba alirekodi vipindi vya salamu na matangazo ya vifo kutoka redio za Mwanza miaka ya 1990. Ameacha kaseti 14, na baadhi zina ukungu mweupe. Tunataka kuzihamishia kwenye kompyuta. Tuanzie wapi? — Msomaji, Nansio, Ukerewe

Pole kwa msiba, na asanteni kwa kutozitupa. Vipindi vya salamu vilikwenda hewani moja kwa moja, na tepu za studio mara nyingi zilirekodiwa upya juu yake. Kwa hiyo sauti za vipindi vile, zikiwa zimebaki, zimebaki kwenye makabati ya wasikilizaji kama baba yenu.

Kwanza, msicheze hata moja. Vunjeni vile vimeno viwili vya plastiki kwenye ukingo wa kaseti, upande ambao mkanda hauonekani. Vikishatoka, kitufe cha kurekodi hakibonyezeki tena, na mtoto hawezi kufuta sauti kwa bahati mbaya.

Kaseti zenye ukungu zitengeni na nyingine. Ukungu ule hushika hedi, yaani kile kichwa kinachosoma mkanda, na roli ya mpira inayouvuta, kisha unahamia kwenye kaseti safi itakayofuata. Kaeni nje kwenye hewa, vaeni barakoa, ingizeni penseli kwenye tundu la gurudumu na kuzungusha polepole huku mkanda ukipita juu ya kitambaa laini kikavu. Maji yasiguse. Mkanda ukigoma kuzunguka, msilazimishe, maana umegandana na utachanika. Huo mpelekeeni fundi aliyezoea kaseti.

Kagueni pia kile kitambaa kidogo kinachokaa nyuma ya mkanda, katikati. Gundi yake hukauka, kinadondoka, na sauti inakuwa hafifu kama mtu anaongea nyuma ya mlango. Kama kaseti ina skrubu tano, ifungueni juu ya meza yenye kitambaa cheupe, mhamishe magurudumu na mkanda wake kwenye ganda la kaseti nyingine nzima. Zile zilizogandishwa bila skrubu hupasuliwa kwa kisu kwenye maungio, na hilo si jambo la kujifunzia kwenye kaseti ya marehemu. Jaribuni kwanza kwenye kaseti isiyo na thamani.

Sasa redio kaseti yenyewe. Safisheni hedi kwa pamba ya masikio iliyolowekwa kidogo kwenye spiriti safi, mngoje ikauke, na mrudie baada ya kila kaseti iliyokuwa na ukungu. Kando ya hedi kuna skrubu ndogo yenye springi. Hiyo ndiyo inayoamua hedi imesimamaje mbele ya mkanda. Kaseti iliyorekodiwa kwenye mashine nyingine huweza kusikika kama imefunikwa blanketi, na watu wengi hudhani imekufa. Ichezeni, mzungushe skrubu hiyo robo ya mzunguko kwenda na kurudi, mkisikiliza herufi «s» na «sh» za mtangazaji. Pale zinapokata vizuri, hapo hapo mwache. Wekeni alama ya wino kabla ya kuanza ili mweze kuirudisha ilipokuwa.

Kwenye kompyuta, unganisheni waya wa milimita 3.5 kutoka tundu la hedifoni hadi adapta ya sauti ya USB yenye tundu la kuingizia sauti. Tundu la maikrofoni la kompyuta mpakato halifai, kwa kuwa linakuza sauti kupita kiasi na kuikwaruza. Rekodini kwa mono (njia moja ya sauti), sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, faili la WAV, lisilobanwa. Mwone mshale wa sauti hauvuki −6 dB. Dakika moja huchukua takriban MB 5.3, hivyo kaseti ya dakika 60 ni karibu MB 320, na flashi ya GB 4 inabeba kama 12. Faili la MP3 la kutumiana kwenye simu litengenezwe baadaye kutoka hilo la WAV.

Kisha andikeni majina yaliyosomwa, kijiji na dakika yanapotajwa. Kadi ya salamu ilikuwa na jina la mtumaji, S.L.P., majina ya wanaosalimiwa na wimbo alioomba. Familia za Bukindo na Ilangala zitakuja kuwatafuta wazee wao humo.

Kaseti zetu hazina tarehe. Tutajuaje mwaka? — Msomaji, Sengerema

Sikilizeni matangazo kuliko muziki, maana wimbo wa zamani hupigwa mwaka wowote. Leseni za redio binafsi zilitokana na sheria ya 1993, kwa hiyo kituo binafsi cha Mwanza hakiwezi kuwa kwenye kaseti ya kabla ya hapo. Ratiba ya MV Bukoba ikisomwa kama meli inayosafiri, kaseti ni ya kabla ya Mei 21, 1996, siku ilipozama. Mkisikia namba ya simu ya 0744, ni ya 2000 au baadaye. Na mtangazaji akisema «Geita mkoani Mwanza», ni kabla ya 2012, Geita ilipopewa mkoa wake.

Kwa nini kaseti za usiku zina mluzi, na sauti inapanda na kushuka? — Msomaji, Kirumba

Redio nyingi za mkoa wakati ule zilisikilizwa masafa ya kati. Radio Free Africa, kwa mfano, ilikuwa kilohezi 1377. Mchana tabaka la chini la anga ya juu yenye chembe za umeme hunyonya mawimbi hayo, lakini jua likizama, tabaka hilo hutoweka na mawimbi huakisiwa kutoka juu. Ndiyo maana kituo cha Mwanza kilifika mbali, na vituo vya mbali vikafika Mwanza. Wimbi la ardhini na lile la angani yakikutana kwenye redio moja, mara hujumlishana, mara hukatana, nayo sauti huenda na kurudi. Huko kwetu jua huzama kati ya saa 12:35 na saa 1:10 jioni mwaka mzima, kwa hiyo kaseti inayoanza kuyumba inakupa hata saa iliyorekodiwa.

Mluzi mwembamba usiobadilika hutokana na kituo jirani, kwani vituo vimepangwa kwa umbali wa kilohezi 9. Kichujio chembamba (notch) cha programu ya sauti, kikiwekwa kwenye kilohezi 9, huuondoa bila kugusa maneno. Mluzi wa sauti nzito zaidi huenda umetoka kwenye redio kaseti yenyewe wakati wa kurekodi, na baadhi zilikuwa na swichi ndogo nyuma ya kuupunguza. Huo tafuteni masafa yake kwa kuangalia mchoro wa masafa ya sauti (spectrogram), mchuje hapo tu. Daima fanyeni hivyo kwenye nakala.