PCB ukiwa Mwanza: anza na samaki, daftari lifuate

Mdogo wangu uliyepangiwa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) au CBG (kemia, baiolojia na jiografia), baiolojia ya kidato cha tano ni pana mno kwa kukariri. Mimi niliisoma hapahapa Mwanza, na kilichonisaidia kuliko tuisheni ni kumtazama kiumbe mwenyewe kwanza, maandishi baadaye.

Chukua mada ya ubadilishanaji wa gesi. Pita Kirumba mwaloni, nunua sato mbichi. Funua kifuniko cha shavu, kata upinde mmoja wa matamvua, uutumbukize kwenye bakuli la maji safi. Vinyuzi vyekundu vitatawanyika, kila kimoja peke yake. Utoe nje, vinagandana papo hapo. Ndiyo maana samaki hufa hewani, penye oksijeni nyingi kuliko ziwani: eneo la kuipokelea limesinyaa, na vinyuzi vinakauka. Sasa chora mishale, maji yaende huku, damu ije kule. Kwa kuwa vinapishana, damu hukutana kila mara na maji yanayoizidi oksijeni, hivyo inaendelea kuipokea njia nzima. Chora kwa penseli iliyochongwa, bila kutia kivuli, na mistari ya majina isikatane.

Kwenye mageuko, yaani jinsi spishi zinavyobadilika na kuzaa spishi mpya, usiishie kwa mfano wa vitabuni wa ndege wa visiwa vya Galápagos. Ziwa letu, Victoria, lilikuwa na spishi za furu, samaki wadogo, zinazokadiriwa kuzidi 500. Utafiti uliofanyika Ghuba ya Mwanza ulionyesha kwamba jike la furu huchagua dume kwa rangi; maji yakichafuka rangi hazionekani vizuri, na spishi zilizokuwa zimetengana huanza kuchanganyika. Ongeza sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960, na furu wengi waliotoweka baadaye. Hasara hiyo inaniuma hadi leo, na ningependa kila mwanafunzi wa Kanda ya Ziwa aweze kuieleza.

Konokono wa kichocho ni habari nyingine. Usiingie majini kuwaokota, kwani vijidudu vinavyotoka kwao hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Mzunguko wa maisha yao jifunzie kwenye mchoro.

Halafu mweleze mwenzako ulichoona, kwa Kiswahili, mpaka akose swali la kukuuliza. Usiku huohuo kiandike kwa Kiingereza, maana NECTA, Baraza la Mitihani, watakudai kwa lugha hiyo, na istilahi zake huzoeleka kwa kuandikwa mara kwa mara.